Ephrasia na Damu ya Kitovu

Ilikuwa mwaka 1994. Hapana, nakosea. Mwaka 1994 gavana wa Minnesota alifunga shule zote kwa sababu ya baridi, hilo ni kweli, lakini mwaka 1996 alizifunga tena, na mimi baridi zile mbili huzichanganya kama watu wanavyochanganya mapacha. Hii ni ya 1996. Sasa nina hakika, kwa sababu ndio mwaka meli yetu, MV Bukoba, ilipozama, na mwaka huo Mhaya haukosei.

Nataka kumsimulia Ephrasia. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Kamachumu, akiishi Coon Rapids mlango wa tatu kutoka kwa binti yangu Christina. Mimi nilikuja kumtembelea Christina miezi mitatu, nikakaa miaka minne. Sikuwa na kazi ila kutembea. Na Coon Rapids si mahali pa kutembea. Barabara nyingi hazina hata njia ya miguu, kila mtu yumo garini mwake, hata anayekwenda kununua maziwa. Mara mbili polisi alisimama kando yangu akaniuliza gari langu limeharibikia wapi. Nikamwambia sina gari, natembea tu. Alinitazama kwa huruma akanirudisha nyumbani.

Halafu nilikuwa hodari wa kupotea. Kule Minneapolis mjini wamejenga madaraja ya vioo juu ya barabara, unatoka jengo hili unaingia lile bila kukanyaga theluji. Niliingia humo siku moja asubuhi, nikatafuta mlango wa kutokea mpaka saa tisa alasiri. Nalisema hili kwa kuwa mbele litanihusu.

Basi, Ephrasia. Mwembamba, mpole, akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Kazi ya kukunja mashuka ilikuwa imemwingia mikononi, hata akawa hawezi kushika kitu bila kukikunja. Ukimpa pipi, anaila, na karatasi yake anaikunja mara nne kama shuka. Mumewe, Felician, alikuja kusomea uhandisi. Wakati ninaousimulia alikuwa kiwandani Plymouth akikagua mirija ya plastiki, anaondoka alfajiri. Mtoto wao Maureen alikuwa na miaka sita. Kihaya alikisikia, Kiswahili alikisikia, na vyote alivijibu kwa Kiingereza.

Mtoto huyo aliugua. Ilianza na alama za bluu miguuni kama za mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga, ikaja homa, akawa mweupe midomo. Wakampima: saratani ya damu. Alipewa dawa miezi mingi, nywele zikaisha, ugonjwa ukaondoka. Tukala pilau. Kabla majani hayajamaliza kudondoka, ugonjwa ukarudi.

Ndipo walipopelekwa hospitali ya chuo kikuu, Minneapolis, kwa daktari mmoja mwanamke, mrefu, mwenye mvi, aliyevaa viatu vya theluji chini ya koti jeupe. Felician alikuwa kazini, kwa hiyo nilikwenda mimi kama mzee wao. Daktari alieleza taratibu. Damu, alisema, hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye ute unaoitwa uboho. Uboho ni kama shamba, na shamba la Maureen limeharibika. Dawa peke yake haitoshi tena. Inabidi kulichoma lote na kupanda mbegu za mtu mwingine, mbegu ambazo wao huziita seli shina. Lakini mbegu hizo ni lazima zifanane na mwili wa mtoto, la sivyo zitaushambulia, au mwili utazikataa. Walimpima baba, walimpima mama. Mzazi hufanana na mtoto nusu tu. Walitafuta katika daftari kubwa la watu waliojitolea kutoa uboho. Majina maelfu kwa maelfu, lakini watu wa kwetu humo ni wa kutafuta kwa tochi.

Ephrasia alikuwa amekaa mikono imelala juu ya tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi sita.

"Kuna njia nyingine," daktari alisema, akalitazama tumbo lile. "Mtoto akishazaliwa na kitovu kikishakatwa, kuna damu inayobaki ndani ya kitovu na kondo la nyuma. Ina mbegu hizo hizo, tena changa. Tunaikinga kwenye mfuko, tunaigandisha, tunaipima. Mtoto hahisi kitu."

Ephrasia akauliza, "Siku zote hiyo damu mlikuwa mnaifanyia nini?"

"Tulikuwa tunaitupa."

"Na kondo lenyewe?"

"Pia."

Nilimwona akikunja kitambaa chake cha mkononi, mara nne, mara nane, mpaka hakikunjiki. Nilijua kwa nini. Kwetu kondo la nyuma huzikwa migombani, karibu na nyumba, ndipo mtoto anakuwa na kwao. Maureen alizaliwa huku, na kondo lake lilikwenda linakokwenda taka za hospitali. Mama yake Ephrasia, kule Kamachumu, alipoandikiwa kwamba mjukuu anaumwa, alijibu kwa barua: "Ulikubali kondo la mwanao litupwe kama maganda. Ulitegemea nini?" Ephrasia aliibeba barua ile katika mkoba wa rozari. Alikuwa akiniita Tata, yaani baba kwa lugha yetu, na siku hiyo tukishuka na lifti aliniambia polepole, "Tata, kumbe dawa ilikuwa mle. Kumbe hata wenyewe hawakujua."

Daktari hakumdanganya. Alimwambia huu ni utafiti. Ukiwakusanya watoto wote duniani waliotiwa damu ya namna hiyo, alisema, watajaza mabasi machache tu ya shule. Wapo waliopona. Wapo ambao mbegu haikuota. Na kwanza kabisa, wao hulinganisha alama sita za mwili, na mtoto wa tumboni ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana na dada yake.

"Hiyo moja mnaichagua ninyi?" Ephrasia aliuliza.

"Hapana. Hakuna anayeichagua."

"Haya." Akaomba kalamu. Aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi za mwandiko wa shule ya masista, akakausha wino kwa kupuliza ingawa ilikuwa kalamu ya kisasa isiyohitaji kupulizwa.

Walimpa sanduku. Boksi jeupe la bapa, ndani mna mfuko wa kukingia, mirija, na dawa ya kuzuia damu isigande. Azalie hapo chuo kikuu, lakini uchungu ukimkamatia pengine, sanduku liende naye, wauguzi watapigiwa simu. Masharti mawili: lisiachwe ndani ya gari, na lisipate baridi ya kugandisha. Felician akaliweka mlangoni, kando ya viatu, mahali ambapo hawezi mtu kutoka bila kuliona.

Sasa, hapo palikuwa na Harrison. Harrison alikuwa Mkenya, jirani wa ghorofa ya chini, dereva wa gari la abiria wa uwanja wa ndege, mtu wa mzaha asiyejua kunong'ona. Jumapili moja baada ya misa, nyumba imejaa wageni, Harrison akaingia akavua viatu, akaliona.

"Ephrasia, mme-order pizza na hamtuambii?"

Watu walicheka. Mmoja akaliinua, akalitikisa, akauliza ni kitu gani hasa. Ephrasia angesema nini? Kwetu vitu vya uzazi havikai sebuleni. Kondo ni habari ya mama na wanawake waliompokea. Mwanamume huliona limekwisha funikwa. Angesimama mbele ya wanaume kumi na katekista aseme hiki ni cha kukingia damu ya kondo langu? Alisema, "Ni vyombo," akalichukua. Wageni walipoondoka, alilifunga kwa kanga, akalitia katika sanduku la nguo za mtoto, akalipeleka chini stoo, kwenye vile vizimba vya waya ambavyo kila mpangaji anacho kimoja. Hakumwambia Felician. Alitaka kulirudisha mlangoni siku zikikaribia. Bado wiki tano, aliwaza, bado wiki nne.

Tarehe mbili Februari, Ijumaa, baridi ilifika nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri kwa vipimo vyao. Maji ya moto ukiyamwaga nje yanageuka moshi kabla hayajafika chini. Shule zimefungwa, magari yamekufa kwenye maegesho kama ng'ombe wenye sotoka. Saa nne asubuhi Ephrasia akagonga mlango wetu, amejishika kiunoni.

"Tata, mtoto anakuja."

"Bado wiki tatu."

"Mwambie yeye."

Felician alikuwa Plymouth. Gari pekee lililowaka katika jengo lile lilikuwa la Harrison, kwa kuwa alilichomeka umeme usiku kucha injini isigande. Safari ya Minneapolis haikuwezekana. Uchungu ulikuwa umeshapamba. Harrison akasema anampeleka hospitali ya karibu.

"Samahani, Harrison, naomba unisaidie na huo mkoba," Ephrasia alisema mlangoni.

"Nyinyi Watanzania," Harrison alisema huku akimwinua, "mpaka mmalize samahani na naomba, mtoto ameshaanza kutambaa. Twende."

Nikabaki na Maureen. Alikuwa amevaa kofia ya sufu, anachora. Robo saa ikapita, pengine zaidi kidogo. Simu ikalia.

"Tata." Ilikuwa sauti ya Ephrasia, na sikuifahamu mara moja. "Sanduku. Wanauliza sanduku."

"Si lipo mlangoni?"

"Halipo. Nililificha." Akavuta pumzi, nikasikia wanawake wakimwambia apumue. "Niliona haya, Tata. Liko stoo. Katika sanduku la nguo za mtoto. Harrison anarudi hapo, nimemtuma. Tata, nimemuua mwanangu kwa haya."

"Hujamuua mtu. Zaa polepole."

Ni neno la kipumbavu kumwambia mwanamke, lakini ndilo lililonijia.

Mimi stoo ile sikuwahi kuingia. Nilishuka ngazi, nikakuta korido mbili na milango sawasawa, nikashika ya kwanza nikatokea kwenye mitambo ya joto. Nikarudi nyuma, sijui nitokako. Kisha nikahisi mkono mdogo unavuta kidole changu. Maureen alikuwa amenifuata na soksi zake. Alinivuta bila neno, kulia, kushoto, mpaka kizimba cha kwao, akanionyesha kufuli, akaniambia namba kwa Kiingereza. Alimwona mama yake akilificha. Basi mtoto mgonjwa ndiye aliyenionyesha palipokuwa na dawa yake.

Harrison alikuwa nje, injini inanguruma. Hakuizima, alisema akiizima haitawaka tena mpaka Pasaka. Nilifungua koti, nikaweka sanduku kifuani juu ya fulana, nikalifunga. Maureen tukamviringisha blanketi kiti cha nyuma.

"Mzee, shika hiyo box kama mtoto," Harrison alisema. Mara hii hakuwa na mzaha. Taa ya kwanza alisimama, ya pili alisimama, ya tatu akaipita. "Ni mimi," alisema. "Ile pizza. Ni mimi nilimfanya aifiche."

"Endesha."

"Nina-drive, mzee. Nasema tu."

Tulipofika nikashika njia ya kushoto, Harrison akanigeuza kwa mabega, akalichomoa sanduku kifuani mwangu akakimbia nalo. Mimi na Maureen tukamfuata mwendo wa wazee.

Haya ya ndani niliambiwa na Ephrasia mwenyewe, miezi baadaye. Mtoto alikuwa ameshatoka, wa kiume, analia. Kitovu kilikuwa kimebanwa na kukatwa. Mkunga, mama mmoja mnene wa kule kule, alikuwa amesimama mikono juu, akisubiri, akimwambia kondo bado, mama, kondo bado halijatoka, tuna dakika. Mlango ukafunguliwa, mfuko ukaingia. Sindano ikachomwa kwenye mshipa wa kitovu, na Ephrasia akainua kichwa kutazama. Alisema damu ilikuwa nyeusi, yenye uzito, ikishuka polepole kwenye mrija. Ilipoisha ilikuwa kama kikombe kidogo cha chai. Akasema hakupata kuona kitu kidogo kiasi kile kinachoshikwa kwa heshima kiasi kile.

Felician alifika saa saba, ndevu zina barafu. Mtoto akaitwa Zachariah.

Kondo lenyewe Ephrasia aliliomba, nao wakampa katika ndoo ndogo yenye mfuniko. Lakini ungelizika wapi? Ardhi ilikuwa chuma. Felician akaliweka ndani ya friza, karatasi juu yake: USIGUSE. Harrison alipoambiwa alishika kifua. "Na mimi juzi nilifungua hiyo friza nikitafuta ice cream," alisema. Ephrasia alicheka mpaka akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Baada ya wiki tatu simu ikaja. Mimi nilikuwepo, nimeletewa kahawa. Ephrasia alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaweka simu chini. Akachukua taulo akalikunja. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Alama sita," alisema. "Zote sita."

Felician akapiga magoti pale pale jikoni, kofia ya kazi kichwani.

Aprili theluji ilipoondoka, tulizika kondo la Zachariah nyuma ya jengo, chini ya mti wa tufaha wa mwenye nyumba, bila kumwambia mwenye nyumba. Wiki hiyo hiyo Maureen aliingia hospitali. Wiki nzima walimchoma kwa dawa na mionzi, wakaua shamba lote. Nilikwenda kumwona. Mlangoni unanawa mpaka viwiko, unavaa barakoa, unavaa gauni. Muuguzi aliniamuru nitoe vilivyomo mfukoni, nikatoa akamwani, zile buni zetu za kutafuna. Akazinusa, akaziweka kwenye bahasha, akaandika jina langu juu yake kama mali ya mfungwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Tulitazamia visu. Tulitazamia chumba cha taa kali na milango ya kujifunga. Lakini walikuja watu wawili na beseni la maji ya uvuguvugu. Kile kikombe kidogo cha chai kilikuwa kimelala tangu Februari katika pipa linalotoa moshi wa baridi, nyuzi zaidi ya mia tatu chini ya sifuri. Mara kumi ya ile siku ambayo magari yalikufa. Nikamwuliza daktari, kimelalaje huko na bado kiko hai? Akasema, "Kimesimama. Hakijafa, kimesimama." Niliyafikiria maneno hayo siku nyingi. Sisi Februari ile tulitoka mlangoni hatua kumi masikio yakatuuma. Na kile, ambacho hakina hata ngozi, kilisimama kikingoja kuitwa.

Wakakiyeyusha ndani ya beseni, wakakivuta, wakakiingiza katika mrija uliokuwa kifuani mwa Maureen, kwenye mshipa. Chumba kikajaa harufu ya mahindi ya kuchemsha. Ni dawa ya kuhifadhia, walituambia, hutoka kwa pumzi ya mgonjwa. Maureen akauliza kwa Kiingereza nani anapika mahindi. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Ndiyo hiyo tu?" Ephrasia aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu," muuguzi alisema. "Sasa tunasubiri."

Ukutani walibandika karatasi yenye mistari. Kila asubuhi waliandika hesabu ya chembe nyeupe za damu. Siku ya kwanza sifuri. Siku ya tano sifuri. Kinywa cha Maureen kilichubuka, homa ikaja ikaondoka ikaja, akawa anaongea kwa macho. Siku ya kumi na tano sifuri, ya ishirini sifuri. Daktari alisema damu ya kitovu huchelewa. Watangoja mpaka siku ya arobaini na mbili. Baada ya hapo hakumalizia sentensi.

Ephrasia alikuwa hapo kila siku. Zachariah hakuruhusiwa kuingia. Christina alimlea, na maziwa ya mama yake yakasafiri kwa chupa katika gari la Harrison. Ephrasia alikunja kila kitu kilichokunjika ndani ya chumba kile. Siku ya ishirini na nane aliniuliza, "Tata, maharage ukiyapanda yakakawia, unangoja siku ngapi ndipo unafukua kutazama?"

"Hufukui," nilimwambia. "Ukifukua umeyaua."

"Hata kama yameoza?"

"Hata kama. Huwezi kujua, kwa hiyo hufukui."

Akatikisa kichwa. "Felician anasema tuwaulize ukweli."

"Ukweli wanaujua?"

"Hawaujui. Ndiyo maana naogopa kuwauliza. Wakiniambia hawaujui, nitabaki na nani?"

Siku ya thelathini na tatu, Jumatatu, muuguzi aliandika mia moja. Ephrasia alifikiri amekosea mstari. Akamwomba asome tena. Muuguzi akasoma: mia moja. Mtu mzima huwa na maelfu, mia moja si kitu, ni watu wa harusi ndogo. Lakini jana yake hakukuwa na mtu. Kesho yake ikawa mia tatu.

Na kesho yake hiyo hiyo simu ziliita kutoka nyumbani. Meli imezama karibu na Mwanza, asubuhi, imejaa watu. Hakuna Mhaya aliyekuwa na macho makavu siku ile. Kila nyumba ilikuwa na mtu mle. Ephrasia alimpoteza binti wa mjomba wake, waliyelala kitanda kimoja utotoni. Wakati watu wanakusanyika kwa Christina kulia, alinivuta pembeni akanionyesha karatasi aliyoinakili ukutani: sifuri, sifuri, mia, mia tatu. Akaikunja mara nne, akaitia katika mkoba wa rozari, pamoja na ile barua ya mama yake.

"Usiwaambie," alisema. "Leo si siku ya kusema mwanangu anapona."

Akaingia jikoni kupikia waombolezaji. Wiki nzima alilia na wenye msiba, machozi ya kweli, na wiki nzima mimi peke yangu, ukimwondoa mumewe, nilijua kwamba katika mkoba ule namba zinapanda. Sijaona mtu mwingine akibeba mizigo miwili ya namna ile bila kumwaga mmoja.

Maureen alitoka hospitali mwezi wa saba. Walipompima, damu yake ilikuwa kundi B. Alizaliwa na O. Kila chembe waliyoitazama ilikuwa ya Zachariah, chembe ya mwanamume, ndani ya msichana. Harrison aliposikia alimwambia, "Maureen, sasa ukikosea mama akuchape wewe au achape Zachariah?" Maureen akamjibu, kwa Kiswahili, mara ya kwanza nilipopata kumsikia: "Achape wewe."

Ephrasia alirudi kwenye mashuka yake. Lakini kila Jumapili alisimama nje ya kanisa na fomu za lile daftari la wanaojitolea, akiwaita watu mmoja mmoja, samahani, naomba dakika yako. Mtu wa haya vile. Na akina mama wajawazito aliwaeleza habari ya kondo mbele ya waume zao, bila kuinamisha macho. Barua aliyomwandikia mama yake sikuisoma. Najua tu jibu lilikuja na kifurushi cha akamwani, na kwamba kifurushi kile alinipa mimi.

Ndizo hizo nilizochukua siku Maureen alipokwenda kupimwa baada ya mwaka mzima. Safari hii hawakuninyang'anya. Daktari akatoka kutusalimu, viatu vile vile. Nikampa buni moja. Akaitia mdomoni, akaitafuna kwa adabu, uso ukakunjamana.

Nikamwambia nina swali moja, na Ephrasia akalitafsiri vizuri, sina shaka, maana daktari aliacha kutafuna. Nilimwambia: mimi nikiingia katika yale madaraja ya vioo ya mjini napotea, na nina macho, na kuna vibao. Ninyi ile damu hamkuitia mfupani. Mliitia kwenye mshipa wa kifua, mahali ambapo damu inakwenda kila upande, kichwani, miguuni, tumboni. Ilikuwa imetoka kwa mtoto mwingine, imelala kwenye barafu, haijawahi kuingia mwili ule. Na ilipita kote huko mpaka ikaufikia mfupa, ikaingia, ikakaa, ikaanza kazi.

Daktari alisema ni swali zuri, watu wapo wanalifanyia kazi, akijua ataniambia. Alikuwa mtu wa kweli, kwa hiyo najua hakujua. Nilimwuliza Christina, ambaye amesoma, nilimwuliza padri, nilimwuliza Harrison, akasema nimwulize Maureen, yeye ndiye aliyenitoa kwenye korido. Sasa mimi ni mzee kupita uzee, nimerudi kwetu, natembea mpaka pale barabara inapoishia narudi. Bado nauliza. Njia ya kwenda mfupani, nani aliionyesha ile damu?